Vyeti vya Afya vya Lavon Purvis

Lavon Purvis alijiita mwalimu wa mbwa. Miaka kumi na minne mfululizo alikuja kwangu kila Julai kutoka Georgia ya kusini, akivuta trela lenye vyumba thelathini vya mbwa, juu kumi na tano na chini kumi na tano, pua zimetokeza kwenye matundu. Katika miaka yote hiyo sikumwona akimfundisha mbwa jambo ambalo mbwa hakuzaliwa nalo. Mbwa wale kazi yao ni kunusa kwale nyasini na kusimama tuli mpaka mwenye bunduki afike, na hilo walilijua tangu wakiwa wadogo. Alichojua Lavon ni kukaa juu ya farasi na kujisifu.

Wenye mbwa walimwamini. Walikuwa mawakili na madaktari wa meno wa huko Atlanta, watu wa kulipia mbwa kama wanavyomlipia mtoto shule ya bweni. Walikuja Septemba kwa siku tatu, na buti mpya zinazowabana, wakapigwa picha wamepiga goti kando ya mbwa wasiowatambua, kisha wakarudi kuwasimulia wenzao. Sijui nani kati yao na Lavon alistahili kuchekwa zaidi. Nilipokea kodi yangu nikawacheka wote.

Mimi naitwa Arlys Tweten, na shamba langu liko Dakota Kaskazini. Mume wangu Orrin alipofariki nilimkodisha jirani mashamba ya ngano, nikabaki na nyumba, mabanda, na nyika kubwa ambayo haijawahi kupitiwa na jembe. Julai ya Georgia ni joto la kuangusha mbwa, wakati kwetu asubuhi huwa na ubaridi na ndege wa porini wamejaa. Ndiyo maana hawa walimu wa kusini hutukimbilia. Mabanda yangu yalikuwa na kibali cha jimbo cha kulaza mbwa wanaotoka majimbo mengine, na katika wilaya nzima hapakuwa na kibali kingine cha namna hiyo.

Sharti lenyewe halina ugumu. Mbwa akivuka mpaka wa jimbo lazima awe na cheti cha afya, kilichosainiwa na daktari wa mifugo aliyemshika mbwa huyo kwa mikono yake ndani ya siku thelathini kabla ya safari. Cheti kitaje jina, umri, jinsia, rangi, alama za mwilini, na siku aliyochanjwa kichaa cha mbwa. Mwenye banda, yaani mimi, anatakiwa alinganishe kila cheti na kila mbwa pale langoni kabla hajafungua mlango wowote wa trela. Mtu mwenye macho mawili anaimaliza kazi hiyo kabla ya chai ya saa nne.

Lavon hakuona sababu ya kupoteza muda huo, wala daktari wake, Dakta Wimberly. Mzee huyo alisainia vyeti mbele ya duka la vyakula vya mifugo, juu ya boneti ya pikapu ya Lavon, mkono mmoja kalamu na mwingine sandwichi. Hakufungua hata mlango mmoja wa trela. Aliinukuu orodha ya mwaka uliopita, akabadilisha tarehe, akauliza habari za uvuvi. Haya nayajua kwa sababu Lavon mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tena kwa furaha, kama mtu anayesimulia alivyopita bure kwenye daraja la kulipia.

Basi kwenye vyeti vyake hakuna mbwa aliyezeeka. Kulikuwa na jike mmoja aliyekuwa na miaka mitatu kwa muda wa miaka sita. Kulikuwa na dume aliyeandikwa jike, na mwakani tena jike, ingawa aliinua mguu kwenye kila gurudumu uani kwangu. Mwaka mmoja vyeti vilikuwa ishirini na wanane na mbwa walikuwa thelathini.

"Lavon," nilimwambia mwaka huo, "hawa wawili wa mwisho ni akina nani?"

"Hao? Hao ni wageni wa heshima, Bi Arlys."

"Wageni wa heshima hawana karatasi?"

"Aa wapi! Mbwa anajua mpaka wa jimbo yeye? Kwani kwale wenu wanakagua pasipoti?" Akanitupia mfuko wa karanga za kuchemsha, zawadi yake ya kila mwaka, zimelowa chumvi na zimesafiri siku mbili kwenye barafu. "Kula hizo, mama, upunguze hasira."

Karanga zile zilikuwa laini za kuchukiza. Nilizipokea, nikapokea na vyeti, nikavitia kwenye droo bila kumtazama mbwa hata mmoja. Nilijiambia kwamba mwenye kosa ni Wimberly, kwa kuwa saini ni yake. Ndivyo nilivyojiambia miaka kumi na minne.

Nisije nikaonekana namsingizia, acha niseme na mengine niliyoyajua. Alikuwa mtoto wa mkulima wa karanga aliyepoteza shamba. Mke wake alimwacha, na alipomwacha alichukua friji na kuacha mbwa, jambo alilolieleza Lavon kama ushindi. Alikuwa na binti mmoja, Charlene, na wajukuu wawili, mapacha wa miaka mitano. Aliishi nao wakati wa baridi katika nyumba ya Charlene, na kila alipokunywa bia yake ya jioni kwenye ngazi zangu, alinionyesha picha zao. Hakuwa na kitu. Pikapu ilikuwa ya benki, trela la mkopo, farasi wa kukodi, mbwa thelathini wa watu wengine.

Alichokuwa nacho ni mbwa mmoja wa kwake. Mwanzoni alikuwa Ruby, jike mweupe mwenye madoa ya hudhurungi. Ruby hakufungwa mnyororo kama wenzake. Alipanda kiti cha mbele cha pikapu na kula kwenye sahani ya Lavon. Kiangazi kimoja Lavon alimkimbiza saa sita mchana, kwa sababu kulikuwa na mteja wa kumwonyesha maajabu, na Ruby akaanguka kwa joto akafa kabla hawajamfikisha kwenye maji. Tulimzika nyuma ya mstari wa miti inayokinga nyumba na upepo. Mimi ndiye niliyechimba zaidi, kwa kuwa Lavon alikuwa amekaa chini analia, na kulia kwake kulikuwa kwa sauti kubwa mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Muda wote ule nilijiambia kwamba analilia ujinga wake mwenyewe.

Julai iliyofuata alikuja na Biskuti. Naye alikuwa jike mweupe mwenye madoa ya hudhurungi, mdogo, hajamaliza hata mwaka na nusu, mwenye masikio laini na tabia ya kuegemea miguu ya mtu mpaka mtu ayumbe. Mimi si mtu wa kubembeleza mbwa. Hata hivyo wiki ya pili alikuwa akilala mbele ya mlango wa jiko langu, nami nikawa naacha ukoko wa nyama kwenye sufuria makusudi.

Siku alipowasili nilipitisha vyeti mkononi kama kawaida, na kimoja kilisomeka: Ruby, jike, miaka minne, mweupe na hudhurungi, amechanjwa.

"Lavon, Ruby amekufa."

"Najua amekufa."

"Hapa ameandikwa mzima, na ana afya njema."

Alicheka, lakini hakunitazama usoni. "Wimberly amenukuu tu orodha. Huyu mtoto nitamchanja nikirudi nyumbani. Wale wengine wanachanjwa na wenyewe, wana pesa. Huyu ni wangu, Bi Arlys, ananingoja mpaka nipate nafasi. Weka tu hiyo karatasi, si rangi ni ile ile?"

Nikaiweka. Mwaka uliofuata ikaja tena, Ruby, miaka minne, nikaiweka tena. Na mwaka wa tatu vilevile.

Mwaka huo wa tatu, asubuhi moja mwanzoni mwa Agosti, mbwa walikuwa wamefungwa kwenye mnyororo mrefu wakisubiri zamu zao za kukimbia, na Biskuti anarandaranda huru kama kawaida yake. Kicheche akatoka kwenye mtaro wa kando ya barabara. Wenye kuishi shamba wanamjua mnyama yule, mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, anayenyunyiza harufu ya kukimbiza watu. Kwa kawaida hatembei mchana. Huyu alitembea mchana kweupe, upandeupande, akaja moja kwa moja kuelekea mbwa bila woga. Biskuti alimwendea kabla Lavon hajafika kwenye bunduki. Waliviringishana vumbini. Lavon alipompiga kicheche risasi, Biskuti alikuwa tayari ana majeraha mawili juu ya pua.

"Ni mkwaruzo tu," alisema Lavon, akimfuta kwa shati lake.

"Usimguse na mikono mitupu!" nilipiga kelele. "Weka chini hilo shati!"

Nilimtia kicheche kwenye mifuko miwili kwa koleo, nikamtia kwenye sanduku la barafu, nikapiga simu mjini. Kichwa chake kilipelekwa maabara. Baada ya siku mbili simu ikalia nikiwa nakamua limau jikoni. Kicheche alikuwa na kichaa.

Daktari aliyekuja ni Kari Mosbrucker, binti wa watu ninaowafahamu, mwenye leseni ya miaka mitatu tu na gari lililooshwa. Alivaa glavu ndefu kabla hajafungua mlango wa banda nililomfungia Biskuti. Mbwa wengine hawakuguswa na kicheche, alituambia, wataongezewa chanjo na mambo yataisha. Shughuli ilikuwa ya Biskuti peke yake.

"Sheria iko hivi, Bwana Purvis," alisema. "Kama chanjo yake bado ina nguvu na ina uthibitisho, namwongezea sindano leo, unamwangalia siku arobaini na tano, unaweza hata kumwangalia nyumbani kwako, nitaomba ruhusa. Kama hana chanjo, ni mambo mawili. Afungiwe miezi minne kwenye banda lenye kibali, ukuta mara mbili, haguswi na mtu. Au alazwe usingizi wa kufa, kwa sindano. Ugonjwa huu ukishaonekana hauna dawa, kwa mbwa wala kwa mtu."

"Chanjo anayo, binti yangu," alisema Lavon. "Cheti kiko ofisini kwa Bi Arlys. Tena cha daktari mwenye miaka hamsini kazini, alianza kusaini wewe hujazaliwa."

Ikabidi niilete droo yangu mwenyewe. Daktari alikisoma cheti, akasoma tena, akainama kumfungua Biskuti mdomo.

"Miaka minne," alisema. "Meno yanakubaliana."

Lavon alinikonyeza. Ule umri wa uongo uliokaa mahali pamoja miaka mingi, mbwa mwingine alikuwa amekua mpaka akaufikia. Niliona raha yake usoni, ile raha ya mtu ambaye upuuzi wake unamlipa.

Kari hakuridhika haraka. Alipiga simu Georgia, akaweka sauti wazi ili sote tusikie.

"Ruby? Ruby wa Lavon?" ilisema sauti ya Dakta Wimberly, na nyuma yake redio ya mpira. "Namjua sana. Nilimchunguza mwenyewe, Juni hii. Moyo safi, mapafu safi. Mbwa mzuri mno."

"Na chanjo ulimpa wewe?"

"Kwani karatasi inasemaje?"

"Inasema ulimpa wewe."

"Basi nilimpa mimi, binti. Haya, msalimie Lavon."

Hivyo ndivyo daktari mwenye miaka hamsini kazini alivyomchunguza mbwa aliyekuwa chini ya udongo wangu mwaka wa tatu, akakuta moyo wake safi. Kari alikata simu. Hakuwa na sababu tena ya kukataa, na nilimwona akiandika kwenye fomu: siku arobaini na tano, nyumbani kwa mwenye mbwa. Lavon alishusha pumzi kwa nguvu akavua kofia.

"Atalala kitandani kwa mapacha," alisema. "Huwa analala miguuni mwao, hao watoto hawapati usingizi bila yeye."

Kari alinigeuzia fomu na kalamu. "Mama Tweten, mwenye banda anasaini hapa chini. Kwamba siku ya kumpokea ulilinganisha mbwa na cheti, na mbwa ndiye."

Nilishika kalamu. Ningeweza kusema nilifikiria watoto wawili wa miaka mitano na mbwa miguuni mwao, na ni kweli niliwafikiria, nikaogopa. Lakini nisijifanye mtakatifu. Nilifikiria pia miaka kumi na minne ya kicheko chake, ule mkonyezo, karanga zake zilizolowa, na nilitamani kuuona uso wake ukibadilika. Vyote viwili vilikuwa ndani ya kinywa changu kwa pamoja, na hata leo siwezi kuvitenganisha.

"Siwezi kusaini," nilisema. "Huyu si Ruby."

"Bi Arlys," alisema Lavon.

"Ruby tulimzika pale nyuma ya miti. Hii ni Agosti ya tatu sasa. Nilichimba mimi. Huyu anaitwa Biskuti, na hajawahi kuchanjwa maisha yake yote."

Uso wake ulibadilika, kama nilivyotaka. Furaha yangu haikudumu hata nusu dakika. Alishika waya wa banda kwa vidole vyote, na Biskuti, akidhani anaitwa, akaja akajiegemeza kwa ndani.

"Bwana Purvis, ni kweli?"

"Ningemchanja," alisema. "Wiki iliyofuata. Kila mara ilikuwa ni wiki iliyofuata." Kisha akajikaza. "Haya, sawa. Miezi minne. Mfungie hapa hapa kwa Bi Arlys, kibali anacho. Nitawapeleka hawa mbwa wa watu nyumbani, nirudi. Nitalala kwenye pikapu hapo nje mpaka Desemba, sijali."

"Desemba hapa utakufa wewe kabla ya mbwa," nilisema, lakini nilikuwa nimeshaanza kupima kichwani ni mbao ngapi zinahitajika kwa ukuta wa pili. "Atakaa kwangu. Nitamlisha mwenyewe kwa sahani ya kusukuma."

Kari alikuwa ananitazama mimi sasa, na kile kijitabu chake kilikuwa kimefunguliwa ukurasa mpya.

"Mama Tweten. Cheti hiki cha Ruby kimepokelewa hapa mara ngapi tangu Ruby afe?"

Nilielewa swali linakokwenda. Nilikuwa nimemshika Lavon vizuri mno mpaka sikuona kwamba nimejishika na mimi.

"Mara tatu," nilisema.

"Na wewe ndiye uliyepokea."

"Ndiyo mimi."

"Ukijua."

"Nikijua."

Aliandika. Hakuwa mkali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwenye kupokea cheti anachojua ni cha uongo, kibali chake kinasimamishwa siku hiyo hiyo mpaka asikilizwe. Sina hiari. Siwezi kuandika banda hili kwenye amri ya kumfungia mbwa mwenye hatari ya kichaa."

"Basi usiandike bado," nilisema. "Andika la mbwa kwanza, langu uandike kesho. Kari, mwanangu, mama yako tunakaa benchi moja kanisani."

Alikwenda kwenye gari lake, akafunga mlango, akapiga simu makao makuu ya jimbo. Alikaa humo dakika ishirini. Biskuti alichoka kutungoja mimi na Lavon, akajilaza kwenye zege. Kari aliporudi alikuwa ameshauliza kila mahali. Banda lingine lenye kibali la karibu liko mwendo wa saa nne kwa gari, nalo halipokei mbwa aliyeumwa na mnyama mwenye kichaa. Zahanati yake ina vizimba vya siku tatu tu. Georgia haimruhusu arudi hajachanjwa, na Dakota haimruhusu atoke.

"Pole, Bwana Purvis," alisema. "Ningekuwa na mahali, ningemweka."

Nilitarajia makelele. Nilitarajia kilio kile cha siku ya Ruby, nikajiandaa kukidharau. Lavon aliuliza tu kama anaweza kumshika. Kari alimpa glavu na koti la plastiki, akamwonyesha namna ya kumshika mbali na pua. Aliingia bandani akakaa chini kwenye zege, mzee mzima, Biskuti akapanda mapajani pake kwa ile tabia yake ya kuegemea. Sindano haikuchukua muda. Lavon aliendelea kumkuna nyuma ya sikio, na glavu zile nene, hata baada ya Kari kuondoa kifaa chake cha kusikilizia.

Alasiri ile alianza kupakia trela, ingawa mkataba wetu ulikuwa hadi katikati ya Septemba. Kibali hakipo, hakuweza kubaki. Nilimsaidia kupitisha mbwa mmoja mmoja, naye alifunga milango bila kutaja jina la yeyote. Tulipomaliza upande wa juu nilishindwa kunyamaza.

"Ilibidi niseme, Lavon. Wale watoto."

"Najua," alisema. "Hilo ulifanya sawa. Silikatai." Alihangaika na kitasa kilichokwama, akakipiga kwa kiganja. "Lakini mwaka juzi, nilipokuja na yule mtoto, ulijua. Ulisoma mbele yangu. Ungenirudisha, Bi Arlys. Ungesema, Lavon, toka langoni kwangu mpaka umchanje huyu mbwa. Ningekutukana, ningekuita kila jina. Halafu ningekwenda mjini, ni dakika kumi na tano, na ningemchanja."

"Wewe ndiye mwenye mbwa," nilisema.

"Mimi ni mpumbavu. Kila mtu anajua, mpaka wateja wangu wanajua. Wewe ndiye uliyekuwa na akili, na ulikuwa umesimama langoni."

Kitasa kilikubali. Akazunguka upande wa chini kumalizia, nami nikabaki nimeshika mnyororo wa mbwa wa daktari wa meno, mbwa ananivuta, mpaka aliporudi kumchukua. Trela lilipofika barabara ya changarawe nilikwenda kulifunga lango.